Mkono Wako Sikuuona

Siku ya arobaini ya baba mkubwa niliingia chumbani kwa mama mkubwa, pale Ngamiani mjini Tanga, nikiwa nimevua viatu mlangoni na kujitanda khanga vizuri. Alikuwa ameketi juu ya mkeka katika nguo zake za eda, mgongo ameuegemeza ukutani, tasbihi imelala mapajani. Nilipiga magoti, nikamwamkia. Aliitikia, akauliza habari za safari, akawauliza wanangu mmoja mmoja kwa majina. Kisha akanyamaza kwa muda ambao nilidhani ni wa kumeza machozi, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Pesa niliiona, mwanangu. Mkono wako sikuuona."

Sikuwa na jibu.

Wanawake wengine waliingia, ubani ukaletwa, hitima ikaanza kusomwa barazani, na mazungumzo yakageukia mambo ya chakula na maturubai. Jioni nilipanda basi kurudi Dar es Salaam. Wiki saba zimepita tangu siku ile, na hakuna siku niliyolipa kitu kwa simu au kugusisha kadi mahali bila kuisikia sauti ya mama mkubwa. Ndiyo sababu ninaandika.

Muamala umekamilika

Baba mkubwa alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi na akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Mwanangu wa mwisho alikuwa na homa kali, kwa hiyo kutokwenda maziko kulikuwa na sababu ambayo hata mama mkubwa asingeipinga. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kaka yangu, mwana wa mama mkubwa, aliweka namba ya simu ya kupokelea rambirambi. Nilituma shilingi 100,000 nikiwa nimesimama jikoni, mkono mmoja una simu na mwingine unakoroga uji wa mgonjwa. Jina la kaka lilijitokeza, nikaingiza namba ya siri, na sekunde chache baadaye ujumbe ukafika kwamba muamala umekamilika. Niliandika "Innalillahi wainna ilayhi rajiun" chini ya maneno hayo hayo yaliyoandikwa na watu thelathini walionitangulia, kisha nikarudi kwenye uji wangu.

Mtoto alipata nafuu Jumapili. Hitima ya siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Basi la asubuhi lingenifikisha Tanga kabla ya adhuhuri.

Sikwenda.

Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu sikukaa nikafikiri na kuamua kutokwenda. Wazo la kwenda halikunijia. Ule ujumbe wa simu ulikuwa umenipa faraja ndogo, ile anayoipata mtu aliyemaliza deni, na mtu aliyemaliza deni hana sababu ya kurudi dukani. Moyoni mwangu msiba wa baba mkubwa ulikuwa umefungwa kwa maneno mawili ya mashine.

Kwa nini nilizipenda njia hizi

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kwamba mimi si mtu wa kusikitikia kupotea kwa mkono katika malipo. Nilikuwa kinyume chake kabisa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilipanda daladala kila asubuhi, na katika njia yetu kulikuwa na konda mmoja ambaye kila aliponirudishia chenji alinikwaruza kiganja kwa ukucha wa kidole cha kati. Msichana yeyote aliyekulia huku kwetu anajua maana ya ukwaruzo huo, na anajua pia kwamba hakuna cha kushtaki: hakuna aliyeona, sarafu zimetoka kamili, gari linaondoka. Nilianza kutembea na nauli kamili ili nisirudishiwe kitu. Siku nilizoikosa, nilishuka haraka na kumwachia chenji yangu, ambayo kwa hesabu ya mwanafunzi ilikuwa andazi la saa nne. Nilikubali kukaa na njaa ili kiganja changu kibaki changu.

Stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa na adha yake. Wapiga debe walikushika kifundo cha mkono, wawili kwa mpigo, kila mmoja akikuvutia kwenye basi lake, na ukilalamika unaambiwa unaringa.

Kwa hiyo mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, na nauli ikawa inalipwa kituoni kabla ya kupanda, nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu kidato cha pili. Ndani ya basi hapakuwa na mtu wa kunidai chochote wala wa kunirudishia chochote. Nakumbuka nilikaa dirishani, mikono nimeikunja, nikapita Magomeni na Jangwani bila mtu kunigusa.

Na mama yangu mzazi alikuwa na sababu zake. Aliuza vitumbua kwa miaka mingi, na mauzo ya siku aliyafunga pindoni mwa khanga. Pesa iliyofungwa pindoni inaonekana, na pesa inayoonekana huombwa: na mume, na shemeji, na jirani mwenye mgonjwa. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata zikafika Tanzania, tulizungumza sana kuhusu urahisi wa kutumiana fedha. Sikumsikia mtu akizungumza kuhusu kile ambacho mama alikigundua mara moja, kwamba sasa alikuwa na mfuko ambao hakuna mkono mwingine uliowahi kuingia. Alijenga chumba kimoja na choo kwa pesa ambayo hakuna aliyeiona.

Hivyo mtu aliponiambia kwamba teknolojia za bila kugusana zinatutenganisha, nilimwona kuwa mtu ambaye hajawahi kushikwa asipotaka.

Bado naamini hivyo. Lakini mama mkubwa hakunikwaruza kiganja, wala hakunivuta kifundo, wala hakuniomba pesa. Alisema hakuuona mkono wangu.

Mkono unaoficha

Katika lugha yetu mkono hubeba mengi kuliko nyama na mifupa. Watoto huomba mkono wa Idi. Aliyefiwa hupewa mkono wa pole, mkono wa tanzia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na walijua wanachokisema kuhusu binadamu. Nilipoyasikia maneno ya mama mkubwa kwa mara ya kwanza niliyachukua kwa maana hiyo ya kawaida, kwamba analalamika sikufika. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka jinsi mkono wa pole unavyotolewa hasa, kwa sababu ni jambo tulilolifanya tangu utotoni bila kulitazama.

Unaingia chumbani walipo wanawake. Noti umeikunja mara nne ndani ya kiganja, ndogo kama kitambaa cha kufungia hirizi. Unapiga magoti, unamshika mfiwa mkono, unauinua kuubusu naye anauinua wako, na wakati mikono miwili imeshikana hivyo, noti inahama kutoka kiganja hadi kiganja. Mfiwa haiangalii. Anaisukuma chini ya mkeka kwa vidole, huku macho yake yakikutazama wewe, na wewe unasema maneno yako ya subira. Aliyeleta elfu mbili na aliyeleta laki mbili wameonekana sawa mbele ya kila aliyemo chumbani.

Kwenye kundi letu la WhatsApp, siku ya msiba, orodha iliwekwa kila baada ya saa chache. Jina, kiasi. Jina, kiasi. Binamu mmoja aliyekuwa hana kazi alituma 5,000, na nilimwona pale kwenye mstari wa kumi na saba, kati ya mwenye 200,000 na mwenye 150,000. Aliyeandaa orodha alikuwa na nia njema kabisa. Alitaka uwazi, na uwazi katika fedha za watu ni jambo la haki. Hata hivyo nilipoisoma tena orodha ile wiki kadhaa baadaye niliona kitu ambacho sikukiona siku ya kwanza. Mkono wa pole huficha kiasi na kumwonyesha mtu. Orodha ile ilionyesha kiasi, na watu wenyewe, mimi nikiwamo, hatukuwapo.

Sentimita nne

Nilitaka kujua ni kitu gani hasa kinachofanyika tunapolipa bila kugusana, kwa hiyo usiku mmoja nilichukua kadi yangu ya zamani, nyeupe, ambayo maandishi yake yamekwisha kufutika, nikaiweka juu ya tochi ya simu gizani. Mwanga ulipenya plastiki hafifu. Ndani yake, karibu na kingo, niliona waya mwembamba kama uzi wa buibui umezungushwa mara kadhaa kufuata umbo la kadi, na ncha zake mbili zikaishia kwenye nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Hakuna betri. Kadi peke yake ni kitu kilicholala.

Inaposogezwa kwenye mashine ya kusomea, mashine huwa imeshatandaza uga wa sumaku unaogeuka mara milioni 13.56 kwa sekunde, na uga huo unapoukuta ule waya huzalisha umeme ndani yake, kwa kanuni ile ile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ule umeme kidogo ndio unaoiamsha nukta nyeusi, nayo hujibu, hutaja namba yake, hupokea swali, hujibu tena, na yote huisha kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Umbali unaofaa ni kama sentimita nne. Ukiishikilia kadi mbali kidogo, uga haufiki, na kadi inaendelea kulala.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Tunaiita teknolojia ya bila kugusana, lakini mlinzi wa geti anapomwelekeza mzee asiyejua kuitumia, humwambia, "Gusisha kadi hapo, mzee." Wala hakosei. Mashine haitaki kuguswa, ila inataka ukaribu ambao kwa jicho la binadamu hautofautiani na kugusa. Kadi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu huipata kwa kusogea.

Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimechanganya vitu viwili kwa miaka yote. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu mwezi Julai 2014, na anayepanda hugusisha kadi na kuketi. Hajapeana kitu na dereva mkono kwa mkono, lakini amefika mwenyewe, amesimama mbele yake, wametazamana kama wakitaka kutazamana. Malipo yake ni ya karibu. Yale niliyoyafanya mimi jikoni na kijiko cha uji yalipita minarani na kwenye mitambo ya kampuni, kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, mwendo wa kilomita 350 hivi kwa barabara, na yangefika vilevile kama ningekuwa Muscat au Toronto. Tunayaweka yote kwenye kapu moja kwa kuwa yote hayahitaji kiganja. Lakini ya kwanza yananiondolea ukucha wa konda na kuniacha pale nilipo. Ya pili yananiruhusu nisiwepo kabisa.

Nilichokuwa nimekipenda tangu kidato cha pili kilikuwa kile cha kwanza. Nilichokitumia kwa mama mkubwa kilikuwa cha pili.

Mguu, kifua, na zile siku za mwaka 2020

Wengi wetu tunaikumbuka picha iliyopigwa Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 3 Machi 2020: Rais John Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa kugusanisha miguu, viatu vya ngozi kwa viatu vya ngozi, wote wawili wakicheka. Ugonjwa ulikuwa haujatangazwa nchini. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 mwezi huo. Tuliisambaza picha ile kwa furaha. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa korona, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Machi, ukatangazwa msiba wa Rais. Siwezi kuitazama picha ile leo kwa macho ya siku ile.

Nilipoitazama tena hivi karibuni, macho yangu yaliganda kwenye miguu. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba shikamoo maana yake ni "nashika miguu yako", kwamba zamani mdogo aliinama kweli mbele ya mkubwa, kisha mwinamo ukapungua na neno likabaki. Kila siku, katika mitaa yetu, mamilioni ya watu hushika miguu ya wazee wao bila kuigusa. Na katika pwani yetu mwanamume na mwanamke wasio maharimu husalimiana kwa kuweka kiganja kifuani. Mjomba wangu hufanya hivyo kwa upole kiasi kwamba unahisi umeshikwa mkono. Hatukuanza kusalimiana bila kugusana mwaka 2020. Tulikuwa na adabu kamili za kutogusana, na zote zinahitaji watu wawili waliosimama mahali pamoja na kutazamana.

Kilichokuwa kipya mwaka ule ni kujifunza kutofika.

Nchini Kenya makato ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 za huko yaliondolewa katikati ya Machi 2020 ili watu wapunguze kushika noti, na ulikuwa uamuzi wa busara; noti ilikuwa imeanza kutazamwa kama kitu chenye ugonjwa. Huku kwetu, kila familia ilijiwekea utaratibu wake. Sisi tuliacha kusafiri kwenda misibani. Mwaka ule na uliofuata nilituma rambirambi kwa simu kwenye misiba minne ya ukoo, na mara zote kutokwenda kwangu kulikuwa kwa kuwalinda wazee waliobaki. Ugonjwa ulipungua, harusi zikarudi, viwanja vya mpira vikajaa. Mimi nilirudi harusini na nikarudi uwanjani, ila misibani nilirudi nusu, kwa kuwa nilikuwa nimeonja jinsi ilivyo rahisi kumaliza huzuni ya mtu mwingine nikiwa jikoni kwangu.

Sikuwahi kuliandika hilo mahali popote kabla ya leo.

Kidole kisichosomeka

Wiki ya tatu baada ya arobaini nilimpigia simu kaka. Nilitaka kujua mama mkubwa alipewaje zile pesa.

Alinieleza bila kusita. Laini ya simu ya mama mkubwa imesajiliwa kwa jina la kaka. Wakati laini zote nchini zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, mama mkubwa alipanga foleni kwa wakala mara tatu. Kijana wa mashine alimshika kidole gumba akakibana, akakifuta, akakibana tena. Mashine ikakataa. Kijana akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Bibi, kidole chako hakisomeki." Mara ya tatu kaka akaweka chake na kumaliza shughuli.

Mama mkubwa amesuka ukili tangu akiwa na miaka saba. Miyaa ya ukindu ina makali madogo madogo, na kwa zaidi ya miaka sitini imepita kati ya kidole gumba na cha shahada, ikikwangua kidogo kila siku. Nimelelewa juu ya mikeka yake. Ule aliokalia siku ya arobaini aliusuka mwenyewe. Vidole vyake ni laini kama ndani ya kombe la pwani. Mashine iliyotaka kuguswa haikuutambua mkono wake, na zile zisizotaka kuguswa zikaupita bila kuuhitaji.

Basi siku ya msiba rambirambi zote ziliingia kwa kaka. Jumapili usiku alikwenda kutoa kwa wakala, akazitia kwenye bahasha moja, akampelekea mama yake na kumwambia jumla. Mama mkubwa akauliza ni nani na nani. Kaka, ambaye hakuwa amelala siku mbili, akajibu, "Wote, mama. Wote wametoa."

Kwa hiyo pesa aliiona. Ilikuwa bahasha. Mkono wangu, na wa yule binamu wa 5,000, na wa kila mmoja wetu, haukuwamo ndani yake.

Nikiri kwamba nilipokata simu nilihisi nafuu. Tatizo lilikuwa la usajili wa laini, la bahasha, la uchovu wa kaka, na jambo la namna hiyo hurekebishwa. Nafuu ile ilidumu hadi nilipokuwa nakosha vyombo usiku. Nikaitambua. Ilikuwa ile ile niliyoipata jikoni siku ya msiba, mahali pale pale, nilipoambiwa kwamba muamala umekamilika.

Tanga, Ijumaa isiyo na shughuli

Nilikwenda Ijumaa iliyopita. Hapakuwa na hitima wala kikao cha ukoo, na mama mkubwa aliponiona mlangoni aliuliza kwa hofu nani amekufa.

Kabla ya safari nilikuwa nimepanga na kaka, naye akamtafuta binti mmoja anayezunguka mitaani na mashine ya kusajili laini, akaja hadi nyumbani kwa kuwa mwenye eda hatoki. Yule binti alikaa mkekani mkabala na mama mkubwa na hakuwa na haraka. Aliomba maji kidogo, akalowesha kitambaa, akavikanda vidole vyake kimoja kimoja kama anayemkanda mzazi. Gumba la kulia likakataa. Cha shahada kikakataa. Akahamia mkono wa kushoto, ambao katika kusuka hushikilia zaidi kuliko unavyovuta. Gumba likakataa. Cha shahada kikakataa. Cha kati mashine ilitafakari kidogo, kisha ikakubali.

Mama mkubwa alikitazama kile kidole kwa muda mrefu. "Kumbe nipo," alisema.

Binti alipoondoka nilisogea, nikampa mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Hatukusema kitu kuhusu siku ya arobaini. Alinisimulia jinsi baba mkubwa alivyoomba maji ya madafu usiku ule wa mwisho, na jinsi jirani alivyopanda mnazi kwa tochi, nami nikasikia kwa mara ya kwanza habari ambayo kila aliyekuwapo msibani alikuwa anaijua.

Baadaye nikatoa bahasha niliyokuja nayo, nikaiweka chini ya ukingo wa mkeka kama inavyopasa. Akaitoa, akanirudishia.

"Hii usiniachie humu ndani, mwanangu. Wajukuu watanimaliza. Itume kwenye simu."

Nikarudisha bahasha mkobani. Nikatuma kutoka kwenye simu yangu, nikiwa nimeketi hapo hapo, goti langu limegusana na la kwake. Simu yake ikalia mkekani kati yetu. Akaomba miwani, akaivaa, akauinamia ule mwanga, na kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto akafuatisha maandishi taratibu, akikipita kiasi bila kukitaja, hadi alipofika kwenye jina langu, akalisoma kwa sauti pamoja na la baba yangu na la babu yangu.